Filamu 31 za Kutisha kwa Mwezi Mmoja: Namna ya Kufika Halloween Bila Kulala Taa Ikiwaka

Mwaka wangu wa kwanza hapa Des Moines, Iowa, niliingia mwezi wa kumi kwa pupa. Mwenzangu wa kazini alikuwa ameniambia kwamba Wamarekani wanaopenda sinema hutazama filamu moja ya kutisha kila siku, kuanzia tarehe 1 Oktoba mpaka tarehe 31, Halloween yenyewe, ule usiku wao wa vinyago na maboga. Nikajisemea, hilo nalo ni la kumshinda mtu? Usiku wa tarehe 1 nikaanza na The Exorcist, maana ndiyo niliyokuwa nikiisikia tangu utotoni. Tarehe 2 nikaweka The Texas Chain Saw Massacre. Kufika tarehe 6 nilikuwa nalala taa ikiwaka na taarabu ikiimba kwenye simu mpaka alfajiri, na dada wa Kirundi ninayekaa naye akanisogelea jikoni, akaniuliza kwa upole kama nimeletewa taarifa ya msiba kutoka nyumbani. Tarehe 7 nikaacha.

Nilikuja kuelewa baadaye kuwa woga haukuwa na kosa. Nilikuwa nimekula pilipili kabla wali haujaiva. Tangu hapo nimejaribu mara nne nyingine na nimemaliza mara tatu. Haya ndiyo ninayoyafanya.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla ya kuhesabu filamu

Filamu 31 za dakika 90 kila moja ni dakika 2,790, yaani saa 46 na nusu. Hiyo ni zaidi ya wiki nzima ya kazi kwa mtu anayelipwa kwa saa 40. Huwezi kuzipata saa hizo kwa bahati. Sharti uzitafute ziliko.

Chukua kalenda ya karatasi, ile ya kutundika jikoni. Weka alama kwenye siku zote unazoingia zamu ya jioni, siku za ibada, na siku ambazo unajua kabisa utarudi umechoka hoi. Halafu zipe siku hizo filamu fupi. Na filamu fupi ndizo za zamani: Freaks ya 1932 ina dakika 64 tu, I Walked with a Zombie ya 1943 dakika 69, Frankenstein ya 1931 ni kama dakika 70, Cat People ya 1942 dakika 73. Unatoka kazini, unapasha chakula, unaitazama yote, na bado unalala kabla ya saa sita usiku. Ndefu kama The Shining ya 1980, inayopita saa mbili na dakika ishirini, mahali pake ni Jumamosi.

Acha siku tatu tupu. Kuna siku utaitwa kazini, kuna siku simu ya nyumbani itaanza saa mbili usiku na kuisha saa tano. Ukikosa siku moja au mbili, tazama filamu mbili fupi Jumapili. Ukikosa tano, zifute. Mwaka mmoja nilijaribu kulipa deni la filamu sita kwa wikendi moja. Ya nne sikumbuki hata jina lake.

Hatua ya 2: Panga kwa ukali, na umaarufu uache pembeni

Hii ndiyo hatua nitakayokaa nayo, kwa sababu hapa ndipo mwezi unapopona au kufa.

Ili ukali upande polepole, mimi hufuata mpangilio wa miaka: wiki ya kwanza filamu za kale, wiki ya mwisho za sasa. Wapo wanaopanga kwa aina, leo mizimu, kesho wanyonya damu, keshokutwa wauaji wenye visu. Nimejaribu, na tatizo lake ni kwamba kufikia mnyonya damu wa tatu umeshajua nani ataumwa shingo. Ukifuata miaka, unajifunza hofu kama walivyojifunza watazamaji wenyewe. Kila kizazi kilizoea kitu fulani, watengenezaji wakalazimika kubuni kingine.

Wiki ya kwanza, basi, ni ya picha nyeusi na nyeupe. Anza na Nosferatu ya 1922, filamu bubu ya Kijerumani. Iliiba hadithi ya Dracula waziwazi, mjane wa mwandishi akashitaki, na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Zilisalia chache, na ndizo tunazotazama leo, kwa hiyo kile kivuli chenye kucha ndefu kinachopanda ngazi kiliponea chupuchupu mahakamani. Kisha Dracula ya 1931. Hiyo ina ndugu yake: mchana walirekodi ya Kiingereza, usiku wakaingia waigizaji wengine kwenye jukwaa lilelile kurekodi ya Kihispania, na mwigizaji wao wa kike aliitwa Lupita Tovar. Lupita wetu tutamfikia wiki ya nne.

Katika wiki hiyo usiache Cat People. Kuna dakika mbili ndani yake ambazo zimelea filamu zote zilizofuata, na nataka uzitazame kwa makini. Mwanamke anatembea peke yake usiku kando ya ukuta wa bustani huko New York. Mwingine anamfuata. Husikii muziki. Unasikia viatu tu: ko, ko, ko vya wa mbele, na ko-ko-ko vya haraka vya wa nyuma. Anapita chini ya taa, anaingia gizani, anatoka kwenye taa nyingine. Kisha viatu vya nyuma vinanyamaza. Wa mbele anasita, anageuka. Hakuna mtu. Anaanza kukaza mwendo, karibu kukimbia, anashika ukuta, na hapo panatokea mlio mkali kama wa paka mkubwa anayetaka kurukia, unaruka kwenye kochi, kumbe ni basi. Basi la abiria limefunga breki mbele yake na dereva anauliza kama anapanda.

Watu wa sinema mpaka leo huuita mtego huo basi la Lewton, kwa jina la mtayarishaji, Val Lewton. Kila unapotazama filamu ya karne hii na paka akaruka kutoka kabatini, ni lile basi la 1942 linapita tena. Ukishalijua, utaanza kulisikia likija: ukimya umekuwa mrefu mno, kamera imemkaribia mtu mno, upande mmoja wa picha umeachwa wazi. Nusu ya woga wangu iliisha siku hiyo, na raha ikaongezeka.

Wiki ya pili ni miaka ya 1950 na 1960. House on Haunted Hill ya 1959 ni ya kucheka zaidi kuliko kuogopa, iweke siku ya uchovu. Psycho ya 1960 iko kwenye orodha ya kila mtu, na inastahili. Mwongozaji wake, Hitchcock, alisisitiza mtu asiruhusiwe kuingia ukumbini filamu ikishaanza, kwa hiyo nawe usianze kuitazama huku unakaanga ndizi. Carnival of Souls ya 1962 ndiyo nitakayokupigia debe: aliyeitengeneza, Herk Harvey, kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza filamu za mafunzo huko Lawrence, Kansas, na alitumia fedha kidogo sana. Haina damu. Ina mwanamke mpiga kinanda, banda la starehe lililoachwa kando ya ziwa la chumvi, na uso mmoja kwenye kioo cha gari ambao hutausahau.

Funga wiki hiyo na Night of the Living Dead ya 1968. Kabla yake, zombi wa sinema alikuwa mtu aliyerogwa akatumikishwa, hadithi iliyotokana na Haiti. George Romero na wenzake, wakirekodi vijijini Pennsylvania kwa bajeti ndogo, wakatuletea maiti wanaotembea na kula watu. Shujaa wake ni Duane Jones, mwigizaji mweusi, akiwaamuru Wazungu ndani ya nyumba iliyozingirwa, mwaka uleule aliouawa Martin Luther King. Mwisho wake sikuambii. Usiitazame ukiwa na huzuni.

Wiki ya tatu, 1970 na 1980, ndiyo pilipili. Sasa The Exorcist ya 1973 ina mahali pake, na The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, na Alien ya 1979, na The Thing ya 1982. Usizipange mfululizo. Kati ya kila kali mbili weka moja ya kupumua, kwa mfano Gremlins ya 1984. Mimi The Exorcist huitazama Jumamosi mchana, pazia zikiwa wazi, na sioni haya.

Wiki ya nne nimeiachia hatua yake mwenyewe huko chini.

Hatua ya 3: Zipate bila kufilisika

Uko Marekani? Kabla ya kulipia chochote nenda maktaba ya umma ya mji wako ukachukue kadi. Haina gharama, na kwa kawaida unahitaji kitambulisho na karatasi inayoonyesha anwani yako, bili ya umeme inatosha. Kadi hiyo, mbali na diski za kuazima, mara nyingi hufungua programu za Kanopy au Hoopla, ambazo zina filamu nyingi za kale na za nchi nyingine. Tubi ni bure kwa sharti la kuvumilia matangazo, na matangazo katikati ya filamu ya kutisha ni balaa: mtu ananyemelewa, ghafla unauziwa bima ya gari. Shudder ni ya kulipia, ya filamu za kutisha peke yake. Mimi hulipia mwezi wa kumi tu kisha nafuta tarehe 1 Novemba. Andika kwenye kalenda siku ya kufuta, la sivyo utajikuta Machi bado unakatwa.

Night of the Living Dead, Carnival of Souls, House on Haunted Hill na Nosferatu ni mali ya umma hapa Marekani, yaani hazilindwi na hakimiliki, na zote zipo kwenye tovuti ya Internet Archive, unapakua bila kumwibia mtu. Ile ya Romero iliangukia huko kwa uzembe: walipobadilisha jina la filamu dakika za mwisho, tangazo la hakimiliki halikuwekwa kwenye jina jipya, na sheria ya wakati huo haikuwa na huruma. Ila angalia nakala. Nyingine zimenakiliwa mpaka nyuso zimekuwa madoa, hujui zombi ni yupi na mti ni upi. Tafuta iliyosafishwa upya. Mlioko Dar, Mombasa au Bujumbura, pakueni usiku kwenye Wi-Fi ya mtu au kwa bando la usiku.

Hatua ya 4: Tengeneza chumba

Zima taa ya sebuleni lakini acha ya ukumbini, au weka taa ndogo nyuma ya runinga. Giza totoro linaumiza macho, na ukienda chooni utajikwaa. Filamu za kale zina weusi mwingi. Taa ikigonga kioo cha runinga utajitazama mwenyewe umekaa na bakuli la bisi.

Ingia kwenye mipangilio ya runinga uzime kile kitu kinacholainisha mwendo wa picha. Kila kampuni imekiita jina lake, lakini kazi yake ni moja: kuifanya filamu ya 1978 ionekane kama tamthilia ya mchana. Tafuta pia mpangilio wa sauti wa usiku, unaopunguza makelele na kuinua minong'ono, hasa kama kuta za nyumba yenu ni za mbao kama zetu. Jirani wa juu hajalipa kodi ili asikilize mayowe.

Maandishi ya chini ya picha yana mtego. Nayatumia, kwa sababu Kiingereza cha kunong'ona gizani hakishikiki. Lakini yapo ya aina mbili: yanayoandika maneno peke yake, na yale ya watu wasiosikia yanayoandika na sauti. Ya pili yatakwambia "mlango unafunguka taratibu" sekunde moja kabla haujafunguka. Chagua ya kwanza ikiwa ipo.

Simu iwe chumba kingine. Na usitazame kitandani. Kitanda kikishazoea mayowe, utakuwa unakitazama kwa jicho baya hadi Krismasi.

Hatua ya 5: Chagua wa kukaa naye

Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoikumba Unguja na Pemba, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi. Walijua jambo ambalo nilijifunza kwa taabu: hofu ikigawanywa inabebeka. Kwa hiyo wiki ya tatu usiwe peke yako. Watu wawili au watatu wanatosha.

Epuka mtu wa aina moja tu, yule aliyekwisha kuitazama. Atageuka kukutazama wewe badala ya runinga, akisubiri uruke. Mwenye maswali mengi mvumilie. Maswali yake ni woga umevaa kanzu.

Nilikulia kwenye vibanda vya video vya Dar, ambako kanda nyingi tulizitazama kwa sauti ya Lufufu, akitafsiri na kutia chumvi yake. Ilikuwa raha tupu, lakini sikumbuki kuogopa hata mara moja. Nimekuja kuelewa ni kwa nini. Hofu hukaa kwenye ukimya, na Lufufu hakuuacha ukimya hata sekunde. Basi ukiwa na mgeni mwoga, mpe kazi ya kutafsiri kwa sauti. Yule dada yangu wa Kirundi aliitafsiri nusu ya A Nightmare on Elm Street kwa namna hiyo, na kila Freddy, yule muuaji wake, alipotokea alimkaripia kama mlevi aliyeingia harusini bila kadi.

Watoto ni suala jingine. Alama za Marekani zinasaidia kidogo: R maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi, na PG-13 iliwekwa 1984, baada ya wazazi kulalamikia filamu kadhaa, Gremlins ikiwemo. Lakini alama hizo zinapima zaidi damu, matusi na uchi. Hofu yenyewe hazina kipimo nayo. Tovuti ya Common Sense Media huwaeleza wazazi kwa undani kilichomo, na Does the Dog Die hukwambia mapema kama mbwa anakufa, kama kuna buibui, kama mtoto anaumizwa. Hata mtu mzima aitumie. Mtu aliyekimbia vita hana sababu ya kushtukizwa na nyumba inayochomwa moto eti kwa sababu ni burudani. Kwa watoto wa miaka kumi hivi mimi huweka The Nightmare Before Christmas ya 1993. Coraline ya 2009 ngoja kidogo. Ni ya vikaragosi, lakini yale macho ya vifungo yamemsumbua hata mama yake mtoto mmoja ninayemjua.

Hatua ya 6: Hofu ikizidi, zima sauti

Usizime picha, zima sauti. Jaribu ukaone: mtu anatembea na kisu, kimya, na ghafla ni mtu mzima aliyevaa kinyago cha dukani. John Carpenter, aliyeongoza Halloween ya 1978, amesimulia kuwa alimwonyesha filamu hiyo mwakilishi wa studio kubwa kabla ya kutia muziki, na mwakilishi huyo hakuogopa hata kidogo. Carpenter akaenda kupiga muziki mwenyewe, kwa mapigo matano aliyofundishwa na baba yake kwenye ngoma za bongo. Ngoma zetu nyingi zinakuzoeza kutegemea mapigo sita au kumi na mawili. Matano yanakuacha mguu mmoja hewani, na hapo ndipo anapokushika.

Njia ya pili ni kufikiria mafundi. Damu ya Psycho ni sharubati ya chokoleti, maana kwenye picha nyeusi na nyeupe chokoleti hudanganya vizuri. Kinyago cha muuaji wa Halloween kilikuwa sura ya nahodha wa tamthilia ya Star Trek, kimenunuliwa kwa bei isiyofika dola mbili na kupakwa rangi nyeupe. Filamu yenyewe ilirekodiwa California majira ya machipuko, kwa hiyo majani makavu ya vuli yalipakwa rangi, yakamwagwa barabarani, na baada ya kila tukio wakayaokota yatumike tena. Ukijua kuna mtu amesimama pembeni na gunia la majani, pumzi inarudi.

Filamu ikiisha, usiende kulala moja kwa moja. Osha vyombo. Andika mistari miwili kwenye daftari: jina la filamu, na kitu kimoja kilichokutisha. Wengi hutumia tovuti ya Letterboxd kwa kazi hiyo. Mimi napenda daftari kwa sababu halinionyeshi mwenzangu amefika filamu ya ngapi.

Hatua ya 7: Wiki ya nne, weka zetu

Anza na Get Out ya 2017, na usichelewe kukaa, maana majina yanapopita mwanzoni kuna wimbo wa Kiswahili. Unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, umetungwa na Michael Abels, na ni onyo kwa shujaa: kimbia. Mwalimu wangu wa Kiswahili angesahihisha hilo jina kwa kalamu nyekundu liwe "Wasikilize wahenga", lakini tuliache. Ukumbi mzima wa Marekani ulisikia sauti nzuri za Kiafrika, na Mswahili peke yake ndiye aliyesikia maneno. Shujaa mwenyewe, Daniel Kaluuya, ni mtoto wa wazazi kutoka Uganda aliyezaliwa London. Filamu hiyo ikampa Jordan Peele tuzo ya Oscar ya uandishi.

Siku inayofuata ni ya Us ya 2019, na hapo anaingia Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, akicheza nafsi mbili. Mmoja ana sauti ya kawaida, mwingine anaongea kama mtu anayevuta maneno kwa kamba kutoka kisimani. Itazame mara mbili ikiwezekana, ya pili ukimtazama mikono tu. Yupo pia kwenye A Quiet Place: Day One ya 2024, ambayo inafaa sana kwa watu wanaozungumza wakati wa filamu, kwani nao watanyamaza. His House ya 2020 inahusu mume na mke wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliopewa nyumba Uingereza, na nyumba ina kitu. Ndiyo iliyonigusa kuliko zote, kwa namna ambayo mtu aliyewahi kusubiri karatasi ataielewa.

Kama siku moja imebaki, rudi nyuma mpaka The Mummy ya 1932, na uitazame ukiwa na neno moja kichwani: mumiani. Neno letu na lao ni ndugu, yote yanatoka kwenye mumia ya Kiajemi na Kiarabu, ile lami nyeusi iliyotumika kama dawa. Wazungu walilipeleka kwenye maiti iliyokaushwa. Sisi tulilipeleka kwa mtu anayekuja usiku kukunyonya damu ikauzwe dawa. Enzi za ukoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika, watu waliambizana kuwa wanaofanya kazi hiyo ni wazimamoto. Bibi yangu gari la zimamoto likipita alituingiza ndani. Hollywood ikitafuta mnyonya damu mpya, anangoja pale, na king'ora chake kinalia.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Tarehe 1 Oktoba hapa kwetu jua huzama karibu saa moja kasoro dakika tano jioni. Tarehe 31 ni saa kumi na mbili na robo hivi, na upepo umeshageuka. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, ambako jua halibadilishi ratiba, hatujazoea kuona usiku ukijongea namna hii kila siku. Huo ndio ufundi wa kuanza tarehe 1: mwezi unakupunguzia mwanga kidogo kidogo.

Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wahamiaji kutoka Ireland walikuja nayo Marekani na desturi ya kuchonga taa za mboga za mizizi, wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga. Kama imani yako haikuruhusu, hakuna hatua humu ya kukushawishi. Funga mlango, zima taa ya nje, watoto wa hapa, wanaopita mlango kwa mlango kuomba peremende, wanajua kuwa taa iliyozimwa maana yake usigonge.

Ukishiriki, nunua peremende mapema na uzifiche usizile. Uliza majirani watoto wanapita lini, kwa sababu miji ina mambo yake. Des Moines kwa miaka mingi walipita tarehe 30, usiku wanaouita Beggars' Night, na mtoto husema kichekesho kwanza ndipo apewe. Mwaka jana mmoja aliyevaa mifupa aliniuliza kwa nini kiunzi cha mifupa hakikwenda dansi. Nikasema sijui. Akasema hakikuwa na mwili wa kwenda nao, maana kwa Kiingereza "no body", hakuna mwili, husikika kama "nobody", hakuna mtu. Nikampa tatu.

Watoto wakiisha kupita, saa mbili usiku, zima taa ya nje na uweke ya mwisho: Halloween ya 1978. Dakika 91. Ilinde mwezi mzima, usiiguse kabla ya hapo. Umeshakutana na basi la Lewton, umeshamwona mwanamke wa Psycho bafuni, na unajua yale majani yalipakwa rangi. Halafu piano inaanza, mapigo matano, na maarifa yako yote yanaruka dirishani.

Ikiisha itakuwa kama saa tatu na nusu. Dada yangu huwa ameshalala kochini na blanketi usoni, akiapa kuwa alikuwa anasikiliza. Mimi hutoka nje kuchukua boga kabla kindi hawajalila, nazima mshumaa uliomo, na narudi ndani haraka kidogo kuliko nilivyotoka.